Kompyuta ya Neema na Radi ya Jana

Alhamisi usiku, mtaa wa Soweto

...na kumbe sijaharibu kitu! Ningejua ningekula mchana.

Jana radi zilipoanza nilichomoa kompyuta ya Neema, kama ninavyochomoa redio na friji. Aliiacha hapa aliporudi kazini Iringa, akaniambia, "Mama usiizime, iko kazini na wenzake." Watafiti wameunganisha kompyuta nyingi, kila moja inapewa kipande chake cha kazi. Wanalinganisha vinasaba vya watoto wenye selimundu, yaani kile walichorithi kwenye damu, na habari zao za hospitali, bila majina. Wanatafuta kwa nini wengine wanaumwa sana na wengine kidogo. Baraka, mdogo wake, naye yumo humo.

Sasa mimi nimechomoa. Leo kutwa nimeogopa kumpigia. Nafua nawaza, namenya ndizi nawaza: nimemcheleweshea mwanangu dawa.

Jioni nikajikaza, nikapiga. Neema akacheka mpaka nikakasirika.

"Mama, kipande chako kilichukuliwa na kompyuta nyingine palepale. Ndiyo maana ziko nyingi."

"Kwa hiyo Baraka..."

"Hajapungukiwa kitu. Radi ikipiga, wewe chomoa tu."

Nikasema ndaga, asante mwanangu, nikakaa chini kwanza. Miaka yote najiona nikisinzia kidogo tu mtoto ataniponyoka. Kumbe kuna watu wengine wamemshika mkono wa pili.

Nimemwamsha Baraka anywe maji, maana ugonjwa wake hautaki kiu. Kaninunia kama mzee wa kanisa. Anune tu.