Chumba cha Siku Mia

16 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Naamini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na binti yangu mkubwa uliye naye huko, Mwenyekiti wangu. Sisi huku tunapumua, na kwa sasa hilo si jambo dogo.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ninayo mkononi. Chumba ni kimoja, Dada. Nikiongea na simu, Chiriku anaacha kuchora na kutega sikio. Juzi nilikuwa naongea na baba yake, nilipokata akaniuliza, "Mama, kufa ni kama kulala?" Ana miaka minne. Basi yale ya kweli nitayaandika.

Wametutoa wodini. Tumehamia kwenye kile chumba cha mtaa wa nyuma ya hospitali, ghorofani. Kitanda kimoja, meza moja, jiko dogo la umeme, na dirisha linalotazama ukuta wa kiwanda cha magodoro. Leo ni siku ya thelathini na saba tangu uboho wa dada yake uingie mwilini mwake. Daktari anasema umeshika na unatengeneza damu, ila kinga yake bado ni ya mtoto mchanga. Tukae hapa karibu na hospitali mpaka siku ya mia, tarehe ishirini Aprili, ndipo tufikirie nyumbani. Kliniki ni mara mbili kwa wiki. Chakula kipikwe, kiliwe cha moto. Asicheze na udongo, asishike paka, asikaribiwe na mwenye mafua. Joto likifika thelathini na nane, mbio hospitali, hata nikiwa na povu la sabuni masikioni.

Daktari mwenyewe ni mtu wa ajabu. Akifikiri, anajikuna sikio kwa kalamu, na humsalimu Chiriku kabla ya kunisalimu mimi.

Sasa tatizo. Mama mkwe anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi kumwona mjukuu. Anakohoa tangu mwaka mpya, anasema ni vumbi. Mume wangu yuko safarini na lori lake, na hata angekuwepo, mbele ya mama yake ulimi wake huingia mfukoni. Nifanye nini?

Mdogo wako


22 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, tena sana. Sisi wazima, ila mgongo wangu unanidai ule utulivu ambao kiwanda cha uchapaji hakinipi. Wiki hii nasahihisha kitabu cha mtu aliyesoma mpaka akasahau nukta inawekwa wapi.

Mwenyekiti hajambo. Vidonda vya sindano nyongani vimepona, na ameitisha mkutano darasani kuwaonyesha makovu. Mwalimu kaniita. Nikamwambia, "Mtoto wa miaka tisa aliyemwokoa mdogo wake ana haki ya kuhutubia."

Umeuliza ufanye nini. Funga mlango.

Nasema hivi nikijua watakavyonisema. Adabu imezika watu wengi kuliko nyoka. Mtu anakuja na kikohozi chake, anambusu mtoto wa watu mdomoni, na sisi tunatabasamu kwa heshima. Mtoto akiugua, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu amesingiziwa vya kutosha. Ugeni usiojali afya ya mwenyeji ni uvamizi uliobeba kikapu.

Usimwamini mtu. Usimwamini hata anayekwambia amepona, maana kila mgonjwa ni daktari wa nafsi yake. Ukilegea mara moja tu, hao watakaokuita mkatili leo ndio watakaokaa nyuma kabisa msibani wakinong'ona kwamba hukuwa makini. Afadhali waulaani mlango. Na wakiuliza nani kakufundisha, sema ni mimi. Nimeshazoea.

Dada yako


3 Machi

Dada,

Shikamoo. Poleni na kazi. Chiriku anakula, joto ni thelathini na sita na nusu, viganja havina vile vipele vya uboho mgeni kugombana na mwili. Kila asubuhi navikagua kama karani anayekagua noti.

Nilifunga.

Alifika saa nne asubuhi. Nikasikia hatua zake kwenye korido, kisha kikohozi, kisha hodi.

"Ni mimi, mwanangu."

"Shikamoo mama. Nisamehe, siwezi kufungua. Unakohoa."

"Nimevaa barakoa mbili. Nitasimama hapahapa kizingitini. Nimwone sura tu."

"Siwezi, mama."

Nikasikia anatua kikapu sakafuni. Halafu akasema, bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma: "Mimi nimelea saba. Hakuna hata mmoja niliyemfungia."

Chiriku akapaza sauti kutoka kitandani. "Bibi, nenda zako, una vijidudu."

Nikamsikia anacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mtoto. Aliacha kikapu chake. Nilikiingiza ndani jioni, nikakitia kwenye pipa la taka bila kukifungua.

Nilipomweleza daktari, alijikuna sikio. "Kwa barakoa, na dirisha likiwa wazi, angeweza kukaa mita mbili naye, mama." Nikamjibu kwamba hamjui mama mkwe wangu. Akasema, "Kweli, simjui. Lakini nakuona wewe. Unalala?"

Nikachukua dawa zetu, nikaondoka. Niambie nilifanya vizuri.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imekawia kwa sababu nilikuwa nimefukiwa chini ya kamusi ya watoto yenye makosa mia nne. Mimi ni mzima, na Mwenyekiti ni mzima.

Ulifanya vizuri. Huyo daktari wako muungwana ana watoto wangapi wanaolala ndani ya chumba hicho? Mita mbili ni maneno ya mtu anayekwenda kwake jioni. Shikilia hapohapo. Mama mkwe wako amepita ukoo mzima akilia, na shemeji yako mmoja alinipigia simu kunifundisha utu. Nilimfundisha mimi, kwa dakika arobaini.

Mwenyekiti ametundika kalenda juu ya kitanda chake. Kila akitoka shule anakata siku moja. Amemwarifu mwalimu kwamba tarehe ishirini Aprili hatakuwepo, atakuwa anapokea wageni wake.

Dada yako


24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za hapo? Sisi hatujambo.

Najua mlitutegemea. Daktari anasema tusubiri kidogo, kinga bado iko chini. Anashauri tusiharakishe. Mwambie Mwenyekiti nampenda na asiwe na wasiwasi.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mwenyekiti si mzima, na nitakueleza moja kwa moja.

Nilipomsomea barua yako alisema "sawa" na kwenda kuiteremsha kalenda. Tangu siku hiyo anakula kama anayelazimishwa. Jana nilitoka kazini nikamkuta amekaa sebuleni, begi la shule mgongoni, ndani yake gauni moja na mswaki.

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali, Mama Mkubwa. Kutoa tena."

"Kutoa nini?"

"Uboho. Ule wa kwanza ni mbovu, ndiyo maana hawarudi. Walitoa nyongani. Labda wa mguuni ni mzuri zaidi."

Nilimvua begi mgongoni. Nilimwambia uboho wake ni mzuri. Akauliza, "Daktari amesema?" Hapo ndipo nikaichukua barua yako na kuisoma tena, safari hii kwa macho ya kazini.

Barua zako za mwanzo zina daktari mwenye sikio na kalamu, anayekubishia, anayekuuliza kama unalala. Katika barua ya Aprili kuna daktari wa gazetini. "Anasema." "Anashauri." Hana sura. Hukuniandikia joto wala viganja. Miaka ishirini na miwili nalipwa kujua mahali ambapo mwandishi alianza kusema asichokijua au kuficha anachokijua. Basi nakuuliza: daktari alisema nini hasa tarehe ishirini?

Dada yako


19 Mei

Mdogo wangu,

Hii ni ya pili bila jibu. Ukipigiwa simu unasema "tuko salama, mtandao mbaya," na mtandao wako haukuwa mbaya miezi mitatu.

Sikuandikii kukushtaki. Mtoto wako ananiuliza kila siku kama barua imekuja, na mimi nimeishiwa maneno ya kumdanganya. Niandikie hata mstari mmoja. Hata ukiwa mbaya.

Dada yako


28 Mei

Dada,

Shikamoo. Chiriku ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalolionea aibu.

Siku ya mia daktari alitazama vipimo, akajikuna sikio, akamwambia Chiriku, "Bibi mdogo, nimechoka kukuona. Nenda kwenu." Wakamtoa mrija wa dawa uliokuwa kifuani. Akanieleza: dawa ziendelee, kliniki mara moja kwa mwezi, shule mwakani, barakoa penye watu wengi, lakini atembee nje, apate jua, akamwone dada yake. Niliitikia kila neno. Nikarudi chumbani, nikapanga begi. Nikalipangua.

Nimelipanga na kulipangua mara tisa. Kila nikishika kitasa, nasikia mtu anakohoa ndani ya kichwa changu. Wodini nilikuwa na wauguzi wa kuwauliza kila saa. Hapa nina mlango. Nyumbani kuna nini? Kuna ninyi, na ninyi mnapumua. Mume wangu nimempa uongo uleule niliokupa wewe. Mwenye duka la chini huacha vitu kizingitini, mimi navisugua kwa sabuni, hata chumvi nasugua pakiti. Mwezi huu tulitoka mara moja tu, kwenda kliniki, nimemfunika shuka kichwani kama kitu cha wizi.

Barua yako kuhusu Mwenyekiti nimeibeba kifuani tangu ifike. Ndiyo iliyonisukuma. Juzi nilimwambia Chiriku, "Vaa viatu, tunakwenda nje."

Aliingia chini ya kitanda. Nikamvuta, akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema kwa sauti yangu, Dada, sauti yangu kabisa: "Usimwamini mtu. Nje wanapumua."

Uboho wa dada yake umemponya, halafu mimi nimempa ugonjwa mwingine, wala sijui unatibiwa wodi gani. Sasa nataka kufungua, na yeye hataki kutoka.

Mdogo wako


4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Soma hii polepole, sijawahi kuandika ya namna hii.

"Usimwamini mtu" ni maneno yangu. Niliyaandika Februari nikijiona jasiri, nimekaa kwenye kiti, mbali na mlango wenyewe. Daktari alikwambia mita mbili, mimi nikamfanyia kejeli kwa sababu kejeli naiweza. Nimeshika makosa ya vitabu vya watu wengi. Barua yangu mwenyewe niliitia bahasha bila kuisoma mara ya pili. Bado naamini mgonjwa ana haki ya kumfungia mlango anayekohoa, hilo silifuti. Ila niliwahi kusema mlango ufungwe, sikusema hata mara moja ufunguliwe lini. Jela nyingi zimejengwa hivyo, na watu wema.

Mwenyekiti nimemweleza kweli yote. Kwamba uboho wake unafanya kazi barabara, na kwamba mama yake ameingiwa na hofu. Alifikiri, akasema, "Kumbe aliyebaki kuumwa ni Mama." Kisha akala sahani mbili.

Nilikwenda pia kwa mama mkwe wako. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Nikamwambia kosa ni langu, nikaeleza sababu, nikaeleza na sababu za sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umemaliza? Chai inapoa." Kikohozi kilikwisha Aprili, na alikwenda kupimwa kifua bila kuambiwa na mtu. Anasema atakuja siku utakayomwita wewe mwenyewe, si siku nitakayomtuma mimi.

Nilitaka kuja kuwatoa. Mwenyekiti amenikataza. "Ukienda wewe utapiga kelele, Mama Mkubwa, Chiriku ataingia chini ya kitanda mpaka Krismasi." Nimeshindwa hoja na mtoto wa darasa la tatu.

Kwa hiyo nakuomba, sikuamuru: fungua mlango tu. Msitoke. Kaeni ndani muitazame korido. Na mwambie daktari ukweli, yule mwenye sikio.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mwenyekiti shikamoo pia, amekua.

Daktari nilimpigia nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema ameona akina mama wengi wa namna hii, na akanipa miadi ya mtu wa kuongea naye Alhamisi. Miadi yangu, si ya mtoto.

Mlango tuliufungua siku barua yako ilipofika. Siku ya kwanza Chiriku alikaa nyuma ya kitanda akichungulia. Ya pili alisogeza mto wake katikati ya chumba. Ya tatu mpangaji wa chumba cha pembeni alipita, akasema "hujambo mrembo," kisha akakohoa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Nilihesabu mpaka kumi, nikaurudisha mapajani. Chiriku alinitazama mimi, wala hakumtazama yule mtu. Nikaelewa kwamba tangu mwanzo alikuwa akiisoma nje usoni mwangu.

Mama mkwe nimempigia. Atakuja Jumamosi.

Leo tumefika kwenye ngazi. Ziko ishirini na mbili. Zamani nilizipanda na kuzishuka mbiombio nikiwa nimembeba, sikuzihesabu. Tumeshuka tatu. Kwenye ya tatu nikashika ukuta. Chiriku akanishika kidole.

"Mama, unaogopa?"

"Naogopa."

"Basi tukae kwanza."

Tumekaa. Naandika hapahapa, karatasi iko gotini, na yeye anahesabu viatu vya wanaopita chini. Sijui kama kesho tutafika ya nne au tutarudi kwenye ya pili.

Mdogo wako