Marinda ya Tumbo

Jumatatu, 2 Agosti 1937

Nimefunga mkanda tena kabla ya kuvaa kanzu. Ni kipande cha kanga kuukuu ya Mama Zuhura, nimekikunja mara nne na kuweka pamba katikati. Uvimbe wa kinenani unarudi ndani nikilala chali. Unatoka nikikohoa au nikipanda baiskeli. Ngiri. Mwaka wa pili sasa. Hakuna ajuaye ila mke wangu, naye nimemwapisha.

Shuleni nimefundisha tumbo. Picha ya ukutani: ini la kahawia, mfuko wa chakula mwekundu, utumbo wa kijivu, kila kimoja ndani ya mstari wake mweusi. Nimewaambia watoto kwamba kila kiungo kimepigiliwa mahali pake. Wameandika.

Gazeti limefika na barua yangu. Safu nzima. Niliiandika mwezi uliopita dhidi ya wanawake wanaokanda matumbo ya watu na kudai wanarudisha kilichohama. "Matumbo si wapangaji," ndivyo inavyoanza, "hayahami." Nimeisoma mara tatu. Imenoga. Mwishoni nimesema mwenye akili huenda hospitali, wala haogopi kisu.

Mama Zuhura hasemi nami. Jana binti yetu Zuhura alijifungua mtoto wa kiume, na mkunga aliyempokea mjukuu wangu ni Bi Mwanaidi, mkandaji anayejulikana Temeke nzima. Barua haikumtaja. Haikuhitaji.

Jumanne, 3 Agosti

Bi Mwanaidi amekuja kumkanda Zuhura kwa maji ya moto. Nimempa shikamoo, kwa maana ugomvi wa gazetini haufuti malezi. Ameitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda, akaniangalia kiunoni muda mrefu kuliko adabu.

Amesomewa barua kisimani. Kaikariri mwanzo wote bila kukosea neno, na sauti yangu kaiiga. Wanawake walicheka mpaka mtoto akaamka.

"Mwalimu, umesoma vitabu vingapi vya matumbo?"

Nikasema vitatu.

"Na umeosha matumbo mangapi?"

Nikajifanya natafuta kalamu. Sijawahi kushindwa mdomo ndani ya nyumba yangu.

"Jumamosi mbuzi anachinjwa, ni akika ya mjukuu wako. Mie ndiye muosha utumbo. Njoo unishikie beseni, kama kanzu itakuruhusu."

Nimekubali. Nitamwaibisha mbele ya ukoo mzima.

Jumatano, 4 Agosti

Joto. Nimelala baada ya chakula cha mchana, nikaota niko ndani ya tumbo. Mwanga mwekundu, kama jua linalopita kwenye kope zilizofumbwa. Nilikuwa natafuta misumari. Nilipapasa kuta, laini, zenye umande, hazina msumari hata mmoja. Juu yangu ini lilikuwa linapanda na kushuka kwa pumzi ya mtu nisiyemwona. Sikuogopa. Nilitaka kukaa.

Nimeamka mkono uko kinenani.

Ndoto si hoja.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimeandika nusu ya barua ya pili, kali kuliko ya kwanza. Nitaimaliza kesho baada ya akika, nikiwa na ushahidi.

Nikitoka msikitini, lori limenipita na vumbi lake. Nikakohoa juu ya baiskeli. Uvimbe ukatoka, mkubwa kama yai la bata. Nimejilaza kwenye majani makavu ya mikorosho, nikakunja magoti, nikausukuma polepole. Ukaingia kwa mlio mdogo, kama mtu anayemeza maji. Nikabaki pale nikitazama mwanga ukipenya majani, na swali likanijia: kama kila kitu kimepigiliwa, kinachotoka na kurudi ni nini?

Nimelikataa swali. Ukweli ni kwamba nalikataa mwaka wa pili huu.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimekosea. Naandika kabla sijatafuta udhuru.

Mbuzi wa akika havunjwi mfupa. Kisu hupita kwenye maungio tu, ili viungo vya mtoto navyo viwe salama. Kwa hiyo hakuna shoka, hakuna pupa. Shemeji yangu alipasua ngozi ya tumbo kama anayefungua barua. Mimi nimesimama na beseni, na wakwe wanapiga kelele: "Leo Mwalimu kaajiriwa jikoni!"

Kwanza kilionekana kitambi cha mafuta, cheupe, chenye matundu kama kitambaa cha kufuma, kimetandazwa juu ya kila kitu. Bi Mwanaidi akakikunja kando. Chini yake utumbo ulikuwa unateleza wenyewe, mzunguko juu ya mzunguko. Nikaushika nivute.

"Usivute, Mwalimu. Inua."

Nikainua. Ukafuata wote. Nyuma yake kuna utando mwembamba, unaona mwanga kupitia, na ndani yake mishipa ya damu imetawanyika kama matawi. Upande wa mgongoni utando huo haufiki shibiri moja. Upande wa utumbo ni dhiraa nyingi, umejikunja na kujikunja kama gauni la marinda, na utumbo ndio pindo lake. Gauni zima limeshikwa mgongoni kwa ngumi moja. Pindo linacheza litakavyo, halianguki, halijifungi fundo. Ini linaning'inia kwa kanda kwenye kiwambo kinachogawa kifua na tumbo, likipanda na kushuka nacho. Figo tu ndizo zimetulia, nyuma kabisa, zimefunikwa mafuta yake kama watu waliolala.

Nilisimama muda gani sijui. Nzi walikuwapo, sauti ya maulidi ilikuwa inatoka barazani, na mimi nilikuwa mbali na vyote viwili. Nilikuwa natazama utando ule juani. Aibu na furaha vilinipata pamoja.

Picha yangu haina utando. Mchoraji aliuondoa ili viungo vionekane vizuri. Miaka kumi na moja nafundisha nguo bila uzi.

Bi Mwanaidi alikuwa anaosha, hata hakunitazama. "Yanatembea," akasema, "lakini yana kwao."

Nikanyanyua beseni limejaa. Kitu kikatoka chini ya mkanda. Nimelala chali tangu adhuhuri. Hakirudi.

Jumapili, 8 Agosti

Alfajiri. Hakirudi. Kigumu. Hakigusiki. Nimetapika mara nne. Upepo hautoki.

Mama Zuhura anataka hospitali. Nimemkatalia. Nimemtuma amwite Bi Mwanaidi aje anikande.

Naiandika kwa mkono wangu: nimeomba kukandwa. Naogopa kisu. Miaka yote nimewaita wenzangu waoga.

Alhamisi, 12 Agosti

Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Naandika chali, kalamu inanidondokea usoni.

Bi Mwanaidi alikuja Jumapili kabla jua halijapanda. Alinawa mikono. Akaweka vidole viwili juu ya uvimbe, kama anayegusa chungu kujua kama kina moto, akaviondoa.

"Tangu lini?"

"Tangu jana, nilipobeba beseni."

"Hili silikandi. Pindo limebanwa mlangoni, damu haipiti. Nikilisukuma nasukuma kifo ndani."

Nilimsihi. Nililia, tena mbele ya mkwe, mume wa Zuhura. Alinikazia macho.

"Mwanangu, si uliandika mwenye akili haogopi kisu? Au akili yako uliiacha gazetini?"

Akatoka mwenyewe barabarani, akasimamisha lori la nazi. Nilipelekwa mjini juu ya magunia, kichwa changu mapajani mwake, na kwa kila shimo la njia ya Chang'ombe nilimlilia mama yangu. Njia nzima alinishika mkono. Mkono wangu tu. Tumbo hakuligusa.

Hospitalini waliniwekea usoni kitambaa cha dawa ya usingizi, harufu tamu ya kuoza. Niliambiwa nihesabu. Nilifika sita.

Kisha marinda. Meupe, makubwa kuliko mji, yakining'inia kutoka mahali nisipoona. Nilikuwa natembea juu ya pindo, na pindo lilikuwa linayumba taratibu. Temeke nzima ilikuwa inatembea humo: mke wangu na ndoo yake, Zuhura na mtoto, wanafunzi wangu, hata wale mahasimu wangu wa gazetini, kila mmoja kwenye mkunjo wake. Tulikuwa tunapishana bila kugongana. Nilitaka kubishana na mmoja wao, nikasahau hoja. Nyuma yetu, mahali fulani, kila kitu kilikuwa kimeshikwa. Niligeuka kuangalia ni mkono wa nani. Nikaamka, natapika.

Daktari anasema utumbo ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Waliulegeza, wakaukanda kwa kitambaa cha maji moto, wakangoja. Ukarudi kuwa mwekundu. Wakaurudisha ndani, wakashona mlango. Ningechelewa hadi jioni, alisema, angekata kipande au ningezikwa.

Kitambaa cha maji moto. Nimemwomba arudie hapo. Karudia.

Jumapili, 29 Agosti

Nyumbani. Nakaa barazani, mto chini ya magoti. Kikohozi nakizuia kwa viganja viwili juu ya kidonda, kama walivyonifunza.

Nusu ya ile barua ya pili nimeichana. Nimetuma nyingine, mistari mitatu. "Matumbo yanatembea. Nilikosea. Aliyenifundisha ni Bi Mwanaidi wa Temeke, mkunga, ambaye anajua pia ni lini asiguse." Mhariri atasikitika. Anapenda nikiuma.

Picha ya tumbo nimeitoa shuleni, iko mapajani. Mkanda wangu wa kanga Mama Zuhura kaufua, na leo nimeukata, nikaanza kuukunja marinda ili niushone nyuma ya utumbo wa kijivu. Watoto wataufunua wenyewe kwa vidole.

Alasiri amekuja Bi Mwanaidi kumwangalia mtoto. Shikamoo. Marahaba. Akasimama nyuma yangu, akatazama mshono wangu.

"Marinda machache," akasema. "Hapo utumbo hauwezi hata kupumua."

Akavuta kigoda. Nikampa sindano.