Kurasa Zilizobandikwa kwa Ugali

Dada Regina,

Hamjambo huko? Mimi nimeshiba uyoga, ila mvua imenikwamisha hapa Magamba, basi nashinda kwenye maktaba ya kisomo cha watu wazima, yaani kabati moja tu. Nimeazima riwaya ya Ulaya iliyotafsiriwa. Kurasa mbili za mwanzo zimetafunwa pembeni. Zinaeleza kwamba mwandishi alimpenda mwanaume mwenzake, wakaishi pamoja mpaka mwandishi akafungwa.

Mama Yustina, mwenye funguo za kabati, alicheka. "Nilizibandika kwa ugali, nikiogopa wanakisomo watakikataa kitabu. Panya wakaula ugali, kurasa zikaachana!"

"Wakakikataa?"

"Wapi! Nilishawasomea chote. Yule mjane wa kwenye hadithi aliwaliza. Walipojua habari za mwandishi, mmoja akauliza, 'Sasa huyu bwana alijuaje tunavyolia sisi wajane?'"

Swali hilo limenikalia kichwani tangu jana. Nimemkumbuka marehemu baba mdogo, na rafiki yake aliyeishi naye miaka yote ile, na yale madaftari ya hadithi alizoandika baba mdogo, ambayo mama anataka kuyachoma. Dada, nakuomba uyatoe sandukuni leo hii, uyaweke kwako. Yasome bila kuruka ukurasa. Ukimaliza, mpelekee yule rafiki yake. Siku ya mazishi alikaa nyuma kabisa, na hakuna aliyempa pole.

Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Kaloli