Sauti Isiyopanda

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta presha imetulia na goti limeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na hataki mtu amcheke.

Najua unashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Tafadhali usiichane kabla hujafika mwisho. Shangazi ameniambia umeapa nisikanyage kwako mpaka nijue kuongea na mzazi, na kwamba kwenye harusi ya mdogo wangu utakaa na watoto wenye adabu. Yameniuma sana, mama.

Siku uliponipigia kunieleza kuwa umeanguka bafuni, nilikupa pole, nikauliza umeumia wapi. Ukanijibu, pole gani hiyo ya kutupiwa kama mfupa, ukakata simu. Nikapiga tena kuomba radhi. Kadiri nilivyojitahidi kulainisha sauti ndivyo ulivyozidi kuwaka, ukasema sasa nakukebehi.

Si wewe tu. Kwenye kwaya, wimbo ulipofika pale unapopanda, mimi nilibaki chini peke yangu. Mwalimu alisimamisha kinanda, akaniuliza mbele za watu kama nimesusa kwa sababu ubeti wa kwanza amepewa mwingine. Kazini nako, pale mapokezi, wagonjwa wamelalamika kwamba nawauliza majina kama askari. Mkubwa wangu amenionya, akisikia lalamiko jingine atanipeleka stoo nikahesabu shuka. Hata mwanangu nilimuuliza kama ameshiba, akasukuma sahani huku analia, akidhani namwamuru aache kula. Baba yake alianza kucheka, halafu akaniangalia, akamrudishia mtoto sahani.

Mama, kile kitambaa ninachofunga shingoni kwenye picha si urembo. Nilifanyiwa upasuaji kuondoa uvimbe. Haukuwa uvimbe mbaya na umekwisha, kwa hiyo kaa chini, shusha pumzi. Mimi na kaka tulikubaliana tusikwambie kwa ajili ya presha yako. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemshikilia asiseme.

Daktari anasema mshipa wa fahamu unaopandisha sauti uliguswa. Maneno yanatoka yote, lakini hayapandi wala hayashuki. Swali langu linatoka kama amri, na huruma inatoka kama dharau. Huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Kumbe nusu ya niliyokuwa nakwambia miaka yote ilikuwa katika kule kupanda na kushuka kwa sauti, na mimi nilidhani ni maneno. Ninaogopa, mama. Kwaya nitaiacha na stoo nitaizoea, lakini wewe siwezi kukuzoea ukiwa umenikasirikia.

Jumamosi ninakuja. Nitasimama nje mpaka utoke. Nitasema nisamehe, mama, na itasikika vilevile ninavyomwita mgonjwa anayefuata. Nakuomba siku hiyo usinisikilize, uniangalie usoni.

Msalimie bibi harusi wetu, mwambie asikonde kabla ya gauni kushonwa. Shangazi naye msalimie, pamoja na umbeya wake.

Ni mimi mwanao,
Chiriku wako