Runinga ya Mama Imekubali Waifai

Jumapili. Mvua ya asubuhi imekata, migomba bado inadondosha maji, na gauni langu la kanisani lina damu isiyo yangu.

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa taifa, na kwa ninyi wachache mnaopita ukurasa huu mkisubiri uji upoe, kwamba leo runinga ya Mama imeunganishwa rasmi na waifai ya kaka Novati. Shughuli ilihudhuriwa na familia nzima. Majirani walifika baadaye, baada ya kusikia mayowe. Mgeni rasmi alikuwa kaka yetu mkubwa, Projesto, ambaye ninapoandika haya amelala kwenye mkeka, pamba mdomoni, akitafuta kwa ulimi jino ambalo lilishaonekana kwenye kahawa iliyoanikwa.

Tuanzie kwa Evodi, kitinda mimba wetu. Evodi ni bondia, yuko Dar es Salaam. Mama husema mwanawe anapigwa kwa ujira, na sijawahi kupata neno la kumsahihisha.

Pambano lake lililopita aliangushwa kwa ngumi ya sikio, akalala ulingoni kama gunia la maharage. Sisi tuliipata habari kwa jirani, aliyeipata kwa mpwa wake, aliyeona kipande kwenye simu. Ilipomaliza kuzunguka kijiji, Evodi alikuwa amekufa. Wanawake wakaleta mikeka, nyasi za msiba zikatandikwa ndani, wanaume wakaanza kubishana kaburi lichimbwe upande gani wa kibanja chetu cha migomba. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Ndipo simu ikaita, marehemu akiuliza kama huku mvua zimeanza.

Tangu siku hiyo Mama aliapa kwamba hatasimuliwa tena. Mwanawe akianguka, amwone anaanguka. Akisimama, amwone anasimama. Macho yake mwenyewe, basi.

Evodi akamtumia runinga kwa basi, ile bapa kubwa inayoingia mtandaoni, na ujumbe kwamba pambano litaonyeshwa huko tu, Jumapili, saa kumi jioni. Mama akaivalisha kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, akaanza kusubiri.

Intaneti ilikuwa kwa Novati. Nyumba yake iko ng'ambo ya ua wetu, na yeye ndiye mwenye ruta. Zamani paswedi yake ilikuwa inajulikana kwa kila kijana mwenye simu, hata ukuta wake ukabaki na alama za migongo ya walioegemea. Akaibadilisha. Hiyo mpya hakumwambia mtu, hata mkewe Jeni. Nilidhani ni uchoyo. Nilimkosea, haukuwa uchoyo.

Projesto alifika kwa pikipiki baada ya misa, na kidumu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na maoni mengi. Ieleweke kwamba Projesto na Novati hawajapatana muda mrefu. Ni habari ya ng'ombe. Nilipoolewa, katika mahari yangu kulikuwa na mtamba mmoja wa pembe ndefu, mzuri kunizidi. Projesto akampeleka kwake, eti amtunzie Tata, baba yetu. Tata akafariki. Ndoa yangu nayo ikafariki. Mtamba akazaa, wanawe wakazaa, na Novati akaanza kuuliza kwa sauti ng'ombe hao ni wa nani. Mimi sijawahi kuulizwa.

Lakini leo walisalimiana. Kwa ajili ya Evodi, walisema. Mama alifurahi hata akatoa kile kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, anachokitoa kwa padri na kwa wakwe.

Kisha akaitazama saa yake ya ukutani, akasema muda umekaribia, waunganishe.

Projesto akatoa simu mfukoni. "Bado saa nzima na ushee, Mama. Hiyo saa yako ni ya betri. Hii inapewa saa na mnara."

"Mnara upi?" Mama akauliza.

Swali nililisikia vizuri. Nilikuwa namenya ndizi, nikaliacha lipite.

Basi, kwa kuwa muda ulikuwepo, wakanywa. Rubisi ikashuka kidumuni, maoni yakapanda. Mama alikaa mbele ya runinga, mikono mapajani, mgongo umenyooka kama yuko kanisani, akigeuka kila mara kuitazama saa yake ambayo haikuaminiwa kwa sababu tu ni yake.

Walipoinuka kufanya kazi, runinga ilikubali kila kitu. Ilitafuta mitandao, ikaukuta wa Novati, ikaandika: weka nywila.

Novati akachukua rimoti, akasimama mbele ya kioo akikificha kwa mwili, kama mtu anayejisaidia kando ya barabara. Akabonyeza, akabonyeza. Runinga ikakataa. Akarudia. Ikakataa tena. Vidole vilikuwa na rubisi, na zile nukta hazimwambii mtu amekosea wapi.

"Weka herufi zionekane," Projesto akasema. "Wewe taja, mimi nibonyeze."

"Ni ndefu."

"Kwani ni litania?"

"Nimesema ni ndefu, kaka."

Mama akasema bila kugeuza kichwa, "Novati. Mwanangu anakwenda kupigwa. Toka hapo mbele, nione, na uandike."

Ninamjua Novati tangu tunagombea ukoko wa sufuria. Nilimwona akitoka jasho wakati sote tulikuwa tunasikia baridi. Akasogea pembeni. Projesto akamsaidia kuweka herufi zionekane, kubwa, nyeupe, zinazosomeka mpaka mlangoni. Na Mama, ambaye alijifunza kusoma ukubwani na hapitwi na maandishi, akaanza kuisoma kila herufi kwa sauti ilipotokea.

P. R. O. J.

Projesto akaacha kunywa. E. S. T. O. Nilimwona kaka yangu mkubwa akivimba taratibu kama andazi.

"Umetumia jina langu," akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi kidogo. "Waitu, wa kwetu. Ndugu ni ndugu."

Novati angeweza kusimama hapo. Angeweza kuangusha rimoti, kuzimia, kusema nyumba inaungua. Mama akamsukuma kwa kiwiko. "Endelea. Muda."

M. W. I. Z. I.

Mama aliunganisha kama alivyofundishwa. "Projesto mwizi," akasoma.



Projesto aliweka bilauri yake chini taratibu kabisa, pembeni ya mguu wa meza, mahali ambapo haitapigwa teke. Nilifikiri amesamehe. Kumbe alikuwa anaokoa bilauri. Aliinuka na kichwa chake kikaingia usoni mwa Novati. Ule mlio ninao masikioni hadi sasa, kama mtu anayekanyaga ganda la kibuyu.

Damu ikaruka mpaka kwenye kitambaa cha kufuma. Novati akakamata kigoda akampiga nacho mdomoni, na hapo ndipo jino lilipoanza safari yake. Wakaanguka juu ya meza, meza ikaachana na miguu yake, kahawa za kutafuna zikamwagika, wakabiringishana hadi mlangoni wakitukanana kwa Kinyambo, maana kuna matusi ambayo Kiswahili chetu hakiyafikii. Projesto alimng'ata sikio. Novati alimkaba koo. Mlango ukafunguka wenyewe.

Uani palikuwa na kahawa ya Novati, tuliyoitoa ianikwe baada ya mvua. Wakapita ndani yake. Wakaingia migombani. Novati aling'oa nguzo iliyokuwa imetegemeza mkungu, mkungu ukaanguka na mgomba wake, akamshushia Projesto nguzo begani mara ya kwanza, mara ya pili ikavunjikia mgongoni. Projesto akamwinua, akamtupa matopeni, akamkalia kifuani, akampiga usoni kwa ngumi moja baada ya nyingine. Alipiga polepole, kama mtu anayetwanga na ana siku nzima.

Kwenye shina la mgomba wa pembeni kulikuwa na panga. Novati ndiye aliyelichomeka hapo jana. Niliuona mkono wake ukilitafuta. Niliona vidole vikilipata.

Hapo sikuwa na mzaha wowote.

Jeni alifika kabla yangu. Alimkanyaga mumewe kifundo cha mkono kwa uzito wake wote, akalichomoa panga, akalirusha mbali. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshafika, akamzaba Projesto kofi. Mimi niliingia katikati kumvuta mkubwa, nikapata kiwiko chenye damu tumboni, na ndiyo asili ya hii damu kwenye gauni.

Dirishani nikamsikia Mama akiniita. Hakuwa ametoka. Nilikimbia ndani nikidhani ameanguka. Alikuwa kitini pale pale, damu ya mwanawe ikikauka kwenye kitambaa mbele yake.

"Mama, wanauana!"

"Jeni yupo. Malizia hicho kitu."

Nikaokota rimoti, nikaifuta. Projestomwizi. Nikabonyeza kukubali. Runinga ikakataa. Kumbe kulikuwa na mwendelezo! Nikajiuliza, Novati angeona Projesto ameiba nini duniani? Swali jepesi. Nikaongeza: wamtamba.

Imeunganishwa.

Ninakiri nilitabasamu. Miaka yote hii yule mtamba wangu alikuwa analinda intaneti.

Nikafungua ule ukurasa wa pambano jinsi Evodi alivyoelekeza. Picha ikaja, safi, kubwa. Mama akasogea mbele, akashika magoti.

Ulingo ulikuwepo. Ndani yake wanaume wawili walikuwa wanakunja turubai. Mwanamke anafagia. Viti vitupu. Mtu mmoja akapita amebeba kengele kwapani.

"Evodi yuko wapi?" Mama akauliza.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi ilishapita zamani. Nikaokota simu ya Projesto chini ya meza iliyovunjika. Yenyewe ilisema bado kidogo ifike.

Kwa msiojua kwetu: nyumba yetu hapa Kyerwa iko kwenye mteremko unaotazama mto, na ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, ambayo saa zake ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Mnara wetu ukizidiwa na mvua, simu hudaka mnara wa kwao, na saa ya simu huhamia huko bila pasipoti. Kila mtu hapa anajua. Watu wamekosa mabasi, wamekosa ubatizo. Tunajua, halafu tunasahau, halafu tunamwambia mama mzee kwamba saa yake ni ya betri.

Mnara upi, aliuliza.

Mama aliinuka. Alipita jikoni akachukua mchi. Wale wawili walikuwa wamechoka, wamekaa matopeni wanahema, kila mmoja ameshika kipande cha shati la mwenzake. Alimpiga Projesto kwanza, kwa ukubwa wake. Halafu Novati. Mabegani, mgongoni, mapajani, bila neno, na wale wanaume wenye ndevu na wake na mashamba walijikunja chini kama watoto wa chekechea. Hakuna aliyeinua mkono. Alipochoka ndipo akasema.

"Mmeniulia mwanangu tena."

Tulimpigia Evodi. Haipatikani. Tukapiga tena. Haipatikani.

Kwetu watu wa damu moja wakimwagana damu hawaachwi walale hivyo. Hutafuna kahawa kutoka kiganja kimoja, mbele ya mzazi. Mama aliokota kahawa zake sakafuni, akazipuliza vumbi, akanyoosha mkono. Projesto alitafuna kwa upande uliobaki na meno. Novati alitafuna jicho moja limefumba. Hakuna aliyeomba msamaha, lakini kahawa iliisha.

Mkononi mwingine Mama alishika simu. Haipatikani.

Ndipo nikaona mikeka. Mayowe yetu yalishavuka bonde, na watu walikumbuka kwamba leo Evodi alikuwa anapigana, wakajumlisha. Mwanamke wa kwanza aliingia kimya, mkeka kichwani, macho chini. Wa pili alikuja na nyasi. Akamkuta Mama amekaa chini, damu ukutani, wanawe wamechanika nyuso. Akapiga yowe la msiba, lile lenyewe. Na Mama, ambaye aliapa hatasimuliwa, alifumba macho akaanza kulia taratibu kwa sauti ambayo sikutaka kuisikia mara ya pili maishani mwangu.

Nilimshika mabega tu, na runinga nyuma yetu, imeunganishwa vizuri kabisa, ikaendelea kutuonyesha yule mwanamke anafagia.

Simu iliita mkeka wa pili ukitandikwa. Nilipokea mimi, nikaweka sauti kubwa watu wote wasikie.

Alikuwa anatafuna kitu.

"Shikamoo Mama," Evodi akasema. "Msiwashe runinga, nilizima simu nikalala. Yule jamaa wa kupigana naye alizidi uzito kwenye mizani, pambano letu limefutwa tangu jana."