Toa Kwanza, Ndipo Uvute

Kwako Dada Mkubwa, uliyenilea,

Shikamoo Dada. Pokea salamu zangu na za wifi yako, ambaye ananichungulia begani ninapoandika na kusema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakula, wanagombana, wanapatana, na yule wa kwanza sasa anajiona mtu mzima kwa sababu ameruhusiwa kuwasha jiko. Wewe je, u hali gani? Shemeji na wapwa zangu ni wazima? Na ile mashine yako ya kushonea, bado inakata uzi ukiipa kitambaa kizito?

Najua umeshangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu, Dada, nikigusa tu neno zito unaniuliza kama nimekula, kisha unaaga. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo vuta kiti, uisome hadi mwisho kabla hujasema lolote.

Jambo la kwanza ni kwamba niliugua. Usishtuke, nimeshapata nafuu, ndiyo maana nina nguvu za kukusimulia.

Kazi yangu unaijua kwa kuisikia tu. Ile winchi ndefu ya kujengea maghorofa ina kibanda juu kabisa, chembamba kama choo cha mtu mmoja, na humo ndimo ninamokaa tangu asubuhi, mkono huu kwenye kishikio hiki na ule kwenye kile. Huwa sioni mzigo unapotua, maana kuta za jengo zinanikinga. Anayeuona kwa niaba yangu ni mpiga ishara aliye chini, mama mmoja mnene tunayemwita Kengele kwa jinsi sauti yake inavyolia ndani ya redio ya mkononi. Akisema shusha, nashusha. Akisema simama, nasimama. Miaka yote hii yeye ndiye macho yangu.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinua fungu la nondo, nalipeleka upande ambako mafundi walikuwa wakifunga waya. Hakukuwa na upepo wa kutisha wala mtu kunikaripia. Nilikuwa nimekunywa chai yangu vizuri. Ghafla kifua kikabana, kama mtu amekifunga kamba na anaikaza. Vidole vikafa ganzi. Masikio yakaanza kuvuma. Nikavuta hewa, haikuingia. Nikavuta tena kwa nguvu, ikawa ndiyo naifukuza. Nikajisemea basi, moyo umepasuka, nakufa humu ndani ya kioo huku watu wananitazama visigino.

Nilichoweza ni kusimamisha winchi. Nondo zikabaki zinaning'inia, zinazunguka polepole juu ya vichwa vya watu. Nilijua kwamba nikigusa kishikio vibaya naweza kuzirusha ukutani.

Kengele akauliza mbona nimesimama. Kidole changu kikabana kitufe cha redio bila mimi kujua, na kilipoachia alikuwa amesikia namna nilivyokuwa nikihema. Hakuniuliza tena. Nilimsikia akiwafokea mafundi waondoke wote chini ya mzigo, waache hata nyundo. Kisha akarudi kwangu, na sauti yake, Dada, ilikuwa imeshuka kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Usivute tena," akaniambia. "Umejaa tayari. Toa kwanza."

Nikatoa kidogo.

"Bado. Toa kama unapooza chai, polepole, usiimwage. Haya, sasa funga mdomo, acha pua ivute yenyewe. Usiisaidie."

Tukaendelea hivyo, yeye akipumua kwenye redio na mimi nikimfuata. Nilipomwambia kwamba nakufa, akanijibu kuwa maiti haziongei. Akasema, "Mapacha wangu niliwazaa kwa pumzi hizi hizi, na walitoka wakinipiga mateke. Wewe una nondo tu, wala haziwezi kukupiga teke." Nilicheka, Dada. Nilicheka huku machozi yananitoka, na katika kicheko kile kamba ikalegea kidogo. Vidole vikarudi kuwa vyangu. Nikashusha mzigo mahali patupu, na Kengele akaniambia umetua.

Msimamizi wetu, mzee ambaye kila mtu anamwogopa, alipanda ngazi yote ile mwenyewe kunifuata. Nilitarajia matusi. Alichofanya ni kutangulia kushuka, daraja kwa daraja, mgongo wake ukiwa karibu na viatu vyangu, ili nikiteleza nimwangukie yeye.

Hospitali walinilaza, wakanibandika waya kifuani, wakatoa damu. Daktari, mwanamke mpole mwenye kikohozi, akasema moyo wangu ni mzima. Nikamwambia haiwezekani. Akanieleza kwamba hofu ikimjaa mtu hukimbilia pumzi kwanza. Mtu anapumua juu juu, kifuani, kwa haraka, na mwili unadhani anafukuzwa, nao unazidi kuogopa. Wala si uoga, akasema, wala si wazimu. Alifurahi sana kusikia habari za Kengele, akasema alifanya vyema kuanza na watu waliokuwa chini ya mzigo. Halafu akanifundisha jinsi ya kufanya kila siku, niwe na hofu au nisiwe nayo, ili siku ikija inikute nimezoea.

Ni hivi, Dada. Lala chali au kaa umeegemea. Mkono mmoja uweke kifuani, mwingine tumboni. Vuta kwa pua taratibu, na mkono wa tumboni ndio unaotakiwa kuinuka, ule wa kifuani utulie. Kisha toa kwa mdomo, midomo umeibana, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Usijilazimishe. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida, kisha uanze tena.

Siku ya kwanza nilipolala hivyo sakafuni wifi yako alidhani nimeanguka. Watoto nao wakaja wakalala pembeni yangu, kila mmoja na kikombe cha plastiki juu ya tumbo, wanashindana cha nani kitapanda na kushuka bila kuanguka. Nyumba yetu sasa ndivyo inavyokaa jioni. Mgeni akibisha hodi anakuta familia nzima imelala chali na vikombe.

Sitakudanganya kwamba ni dawa ya kumeza leo ukapona kesho. Hofu iliwahi kunishika tena nikiwa dukani, nimeshika mkate, na pumzi zile hazikuiondoa. Nilikaa kwenye ngazi ya duka, watu wakinikanyagakanyaga, nikatoa, nikavuta, nikatoa. Hofu ilikuwepo muda wote. Lakini ilikaa pembeni yangu, haikunikalia kifuani, na baadaye ikanichoka ikaenda zake. Nikaenda kulipia mkate wangu. Wiki hii nimepanda tena winchi. Kengele alinikaribisha kwa kusema leo chai imepoa vizuri.

Sasa, Dada, nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Yule daktari aliniuliza ni mzigo gani ninaoubeba. Nikamjibu kazi. Akasema kazi hiyo ninaifanya tangu zamani, kipya ni nini? Nikainamisha kichwa nikalia mbele yake kama mtoto, kwa sababu kipya nilikuwa nakijua.

Dada, najua kuhusu uvimbe wako.

Shemeji alinipigia akiwa nje ya hospitali, wiki chache kabla ya ile asubuhi ya nondo. Usimkasirikie. Mtu asiyesema maneno kumi kwa siku alikaa akizungumza nami mpaka salio likamwishia. Aliniambia ulivyomkataza asinieleze, eti niko juu angani na nikiwaza nitaanguka. Aliniambia pia kwamba upasuaji ulishapangwa, ukavishwa gauni la wagonjwa, ukalazwa kitandani, na walipoanza kukisukuma kile kitanda kuelekea chumba cha upasuaji ukainuka, ukavaa viatu, ukarudi nyumbani ukisema una nguo za wateja hazijaisha. Na kwamba tangu hapo daktari ametuma ujumbe, na wewe unashona tu.

Watu wamedhani ni ukaidi. Nami nilidhani hivyo. Sasa nimekaa kwenye kile kibanda, na naweza kukuambia kilichokupata kitandani pale: kifua kilibana, vidole vikafa ganzi, ukavuta hewa ikakataa, ukajua kwamba usipotoka humo utakufa kabla hata kisu hakijakugusa. Kweli si kweli? Kama ni kweli, hujawa mkaidi, Dada, wala hujawa mwoga. Hukuwa na mtu wa kukuambia toa kwanza.

Methali ya mficha maradhi sikutajii, wewe ndiye uliyenifundisha. Ninachojua ni alichosema daktari wako kwa Shemeji, kwamba uvimbe huu umewahiwa ungali mdogo, na hautabaki mdogo siku zote. Mama alipofariki ulinishika mkono, wewe mwenyewe ukiwa msichana tu, ukaniambia hatuna ruhusa ya kuachana. Sikupi ruhusa.

Nimeomba likizo, na msimamizi amenipa bila kuuliza. Daktari wako amekubali nitembee pembeni ya kitanda mpaka mlango wa mwisho, na nesi wa ndani ataendelea kupumua nawe pale nitakapoishia mimi. Nimeongea naye. Ana sauti nzuri, ingawa si kengele.

Wifi yako anakusalimu sana, na amenifungia mfuko wa nguo zangu zenye vifungo vilivyokatika, maana anasema ukipona hutataka kukaa bure. Watoto wanamsalimu shangazi yao na wamekutumia kikombe.

Barua hii haikupita posta. Shemeji amekukabidhi kutoka mkononi mwangu. Nipo nje, kwenye benchi chini ya dirisha lako, na nitangoja hapa hata ukitaka kulia kwanza. Ukiwa tayari, nifungulie.

Ni mimi mdogo wako, wa ziwa moja nawe,

Kitindamimba