Jina Bila Maji

Kampemba, Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tatu 1972

Yaya Honorine, dada yangu mkubwa,

Ninakuandikia wewe kwa sababu wengine wote nikiwaambia wananijibu. Leo sitaki jibu.

Mumba, dereva wa lori la samaki, amefika mchana kutoka Kilwa, kwetu ziwani, barafu imeyeyuka nusu. Hata hajanawa uso, akaniita kando ya mzani. Mjomba Kapya amesikia habari ya jina langu. Hakukasirika, anasema Mumba — alinyamaza tu, akaweka kikombe chini. Halafu akamtuma hivi: "Umuambie Kasonde, ile jina ameshabeba, abebe na nyumba yake. Ninakuya mbele ya Pasaka."

Nilikuwa na samaki mkononi. Nikamweka kwenye mzani, nikasahau kusoma. Mama aliyekuwa ananunua akaniuliza: "We binti, unamupima ao unamuombea?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ili nisiulizwe.

Ni hivi, yaya. Mwezi uliopita tulipanga mstari kwenye ofisi ya komini kuacha majina ya kizungu, kama serikali ilivyoamuru. Wakaniambia Albertine hapana tena, citoyenne, raia mwenzetu, tafuta jina la babu zako. Kasonde ninalo. Karani akasema ongeza moja. Nikasema Ngosa. Jina lako. Sikufikiri hata kidogo. Nilitaka mtu akiniita, nikusikie na wewe. Nilifurahi mpaka nikamwambia Mumba mwenyewe apeleke habari Kilwa!

Na ninajua, nimekulia humo humo: kwetu jina la marehemu haliokotwi. Wajomba ndio wanalitoa, mbele ya watu. Anayelipokea anakunywa maji, na akishakunywa anaingia mahali pote pa marehemu — watoto wake, chungu chake, mume wake. Padri anajua, ananyamaza. Mimi lako nililichukua dirishani kwa karani, bila maji.

Harusi yangu na Léonard ni tarehe 8 ya mwezi wa nne.


Jumatano, tarehe 8

Kutoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwenye kozi ya mashine. Mtihani ni Jumamosi tarehe 25. Nikifaulu, kuna nafasi ya kuandika kwa mashine katika ofisi moja Likasi, karibu na shule anakofundisha Léonard. Masera, mtawa anayetufundisha, anatufunika mikono kwa kitambaa ili tusitazame herufi. Vidole vyangu vinajua njia. Leo vilikuwa vigeni.

Msichana wa kiti cha pili alivuta kiti chake mbali kidogo. "Kilwa inaanza kunuka huku." Nilikuwa nimenawa kwa limau. Wewe ulikuwa unanawa kwa majivu, halafu unanusa vidole kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya.

Mama Nkandu amejua yote. Tunapima samaki pamoja, na chumba ninachokaa kiko nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo hakuna cha kumficha. Ameshaamua kwa niaba yangu juu ya mume wako.

"Mukuka iko muntu muzuri. Hapigi, hakunywe sana, nyumba ya kambi ya kazi iko na taa. Unalilia nini?"

Nikasema silii.

"Basi utaanza kesho."


Jumapili, tarehe 12

Mukuka alikuja kumwona Bijou. Tangu tulipokuzika mtoto anakaa kwangu, na kila Jumapili baba yake anakuja na sukari na sabuni. Haingii ndani. Anakaa kwenye ngazi, miguu nje. Yaya, mume wako amekonda. Kifo chako kiko bado juu yake, hakuna aliyemtakasa. Kule kwenye tanuru za shaba wenzake wanamwachia benchi peke yake wakati wa kula. Hakuna anayemtukana. Wanasogea tu.

Nilimletea bukari na samaki. Alikula nusu, akasema bila kunitazama:

"Shemeji, mi sikuomba hii maneno."

"Najua."

"Bakubwa bafanye yabo. Bakinipatia bibi, muzuri. Bakinifunga ushanga mweupe ku mukono, niende huru, muzuri. Minachoka tu kukula peke yangu."

Nilitaka kumwuliza kipi angependa zaidi. Sikuuliza. Niliogopa atajibu.

Wakati huo Bijou akatoka mbio kutoka kwa kuku, akaniita mama. Ananiita hivyo tangu matanga, mtoto mdogo anamwita mama anayemlisha. Mukuka akatazama chini. Mama Nkandu dirishani akasema kwa sauti, kama anaongea na sufuria yake: "Mutoto anajua mambo kupita batu ya mitihani."


Jumatatu, tarehe 13

Niliomba ruhusa saa sita, nikaenda komini. Mstari ulifika mpaka barabarani. Nikamweleza karani: nataka kuondoa jina moja.

Akaweka kalamu. "Citoyenne, jina haiko liputa, leo unavaa hii, kesho ingine."

Nikasema ni la marehemu. Nikasema lina mambo ndani yake.

"Majina yote ya babu iko na mambo ndani. Njo sababu tumeambiwa tuyarudie." Hakuwa mtu mbaya. Akanionyesha mstari kwa kidevu: "Bale bote banatafuta jina. We uko na moja ya kuzidi, unalia. Rudia kisha mwaka."

Baada ya mwaka mzima! Mjomba anakuja kabla ya Pasaka.


Alhamisi, tarehe 16

Mvua tangu asubuhi. Mumba ameondoka jana na lori tupu. Atarudi na samaki, na mjomba juu ya samaki. Patron, mwenye lori, anapiga kelele kwamba barabara ya Kilwa itamwua. Mimi nafunga magunia, najikuta ninaiombea matope. Mtu anayekula kwa samaki, anaombea lori likwame.


Jumapili, tarehe 19

Léonard alikuja kwa treni ya asubuhi. Alikuwa na kipande cha kitambaa mfukoni, cha suti yake, nione kama kitapatana na gauni. Nilikisifu kwanza. Halafu nikamwambia.

Alisikiliza yote. Yeye ni mtulivu, unamkumbuka, ulimwita Bwana Taratibu. Mwishoni akacheka kidogo.

"Mi ninaoa nani? Albertine, Kasonde, Ngosa — muko bangapi?"

Halafu akaacha kucheka. Akasema, mjomba wako alikula kuku yangu ya posa. Alikula, akafuta midomo, akasema ndiyo. Nikamwambia ni kweli, lakini wakati ule sikuwa na jina hili.

"Basi sikia. Mujomba akikuita, usiende. Maliza mtihani, kamata treni. Minakuya kukungojea ku gare mimi mwenyewe. Batakufwata mpaka Likasi?"

"Na Bijou?"

"Bijou iko na baba yake."

Yeye ni wa kaskazini, baba yake alikuwa wa reli. Kwao mtoto ni wa baba, maneno yamekwisha. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Kama hakuna mmoja wetu ndani ya nyumba ya Mukuka, mjomba atamchukua mtoto Kilwa. Nilimweleza. Akasema kwa upole, sisi wote ni wakristo. Sikujua alijibu nini kwa neno lile.

Kwenye gare ya treni alinipa mkono kama mtu anavyompa mkono mwalimu mwenzake.


Jumatano, tarehe 22

Lori limelala Kasomeno, tope mpaka mlangoni. Dereva mwingine ameleta habari. Mjomba yuko humo. Hataki kupanda gari lingine, anasema alianza safari na Mumba atamaliza na Mumba.

Kwenye kozi niliandika ukurasa mzima bila kosa. Masera akauinua wenzangu wauone. Nilifurahi, halafu nikaona furaha haina mahali pa kukaa.

Bijou anauliza kama wewe ulikuwa mrefu. Nikamwambia ulikuwa unainama mlangoni hata pale mlango ulipokuwa mrefu kukupita. Akainama siku nzima kwenye kila mlango.


Ijumaa, tarehe 24

Wamefika. Samaki wote wameoza, tumewazika nyuma ya depo, patron amekaa kwenye pipa akivuta sigara. Mjomba alishuka na matope mpaka magotini, kofia yake safi. Nilimpigia magoti. Akaniuliza kwanza habari ya vidole vyangu, kama vimezoea mashine. Ningependa angekuja na hasira.

Mama Nkandu alimpa maji ya kunawa na bukari, akabaki karibu, anachambua mchicha uliokwisha kuchambuliwa. Nilingoja mjomba ale.

"Mujomba, nilikosa. Sikujua nini ninafanya."

"Najua."

"Basi?"

"Mutoto akianguka ndani ya mayi bila kujua, analowana ao halowane?"

Akaeleza polepole, anavunja kijiti vipande vipande. Kati ya binti wote wa ukoo wetu, mimi ndiye niliyebaki. Kesho, jua likiwa katikati, nyumbani kwa Mukuka, ataweka vitu viwili mezani: kikombe cha maji na ushanga mweupe. Ataniita kwa jina lako mara tatu. Nikikunywa, ninaingia mahali pako, Bijou anabaki. Nikikataa, anamfunga Mukuka ushanga, Mukuka anakuwa huru, na yeye mjomba anarudi Kilwa na jina — na mtoto.

"Sikulazimishe. Léonard iko mutu muzuri, kuku yake ilikuwa na mafuta." Hapo alitabasamu. "Lakini usikose kufika. Mutu asipofika, jina inabakia mu njia. Inaokota mutoto ya nani, hatujue."

Nikamwomba aniachie mtoto, nimlee Likasi. Akatikisa kichwa.

"Ku nyumba ya mutu wa kaskazini? Miaka mbili tu, atasema mutoto ni wake. Na kwao atasema kweli."

Mama Nkandu akasema: "Mzee, banamuke ya sasa hawakamatiwe na kikombe." Mjomba akamjibu kwamba wanawake wa sasa ndio wanaochukua majina bila kuulizwa. Mama Nkandu akarudi kwenye mchicha wake.


Jumamosi, tarehe 25, nyumbani kwa Mukuka

Niko jikoni mwako. Ninaandika nimesimama, daftari juu ya mfuko wa makaa.

Mtihani umepita. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili nilitazama chini ya kitambaa, mara moja, Masera hakuniona ao alinionea huruma. Majibu ni baada ya Pasaka. Mama Nkandu aliniletea Bijou mpaka kwenye mlango wa shule, amemvika gauni la njano, nywele zimesukwa. Akanikabidhi mtoto, akarudi kwenye samaki.

Treni ya Likasi inaondoka mchana huu. Léonard yuko gare. Najua yuko, yeye hasemi kitu asichofanya.

Sebuleni wamejaa. Wazee wa kwetu kwenye viti, majirani wa kambi wamesimama. Mukuka yuko chini kwenye mkeka, shati jeupe, hakuna aliyekaa karibu naye. Nimeona kikombe. Ushanga uko kando yake kwenye sahani.

Kabla hawajaanza Mukuka alikuja mlangoni hapa, kama anatafuta moto wa sigara.

"Shemeji, kama unaenda, uende. Sitakasirika. Lakini mutoto — bamulete hata ku Noeli."

Akarudi kwenye mkeka wake. Ulichagua vizuri, yaya. Ulichagua kwa ajili yako.

Bijou amelala. Nimemfunga mgongoni kwa liputa, nimekaza mafundo mara mbili. Ni mzito sasa, miguu inafika mbali.

Mjomba ameita: "Ngosa."

Sauti yake ni nzuri kwa jina hili. Kwa muda mfupi nilitaka kuitika, ili tu lisibaki hewani.

Nimefikiri usiku kucha na asubuhi yote juu ya mlango wa mbele na mlango wa nyuma, maji ao treni. Wote wanasema ni vitu viwili. Léonard anasema viwili, mjomba anasema viwili. Lakini hakuna aliyeniambia niingie vipi. Nitaingia hivi, mtoto mgongoni. Maji sitakunywa. Nitauchukua ushanga mimi mwenyewe nimpe mjomba amfunge Mukuka, kila mtu aone nimekubali awe huru. Na mtoto sitamshusha. Wakimtaka, waje wafungue fundo mbele ya watu wote, mkono wa nani utaanza, nione. Sijui kama kuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kufanya hivyo. Huenda mjomba atanilaani. Huenda atanyamaza, kama alivyonyamaza Kilwa. Treni labda itaondoka nikiwa bado nimesimama pale.

Ameita mara ya pili. Mtu amekohoa.

Yaya, jina lako ninalirudisha. Sikulichoka. Huko uliko, wakikuuliza mdogo wako ni nani, usitafute mbali. Unikumbuke mimi, Kasonde.